Nina miaka 43 na nimechaguliwa chuo: niende tu, ruhusa nitafuatilia huko?

"Habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Morogoro, nina miaka 43 na huu ni mwaka wa 19 nikiwa kazini. Nilianza na cheti, baadaye nikapata stashahada kwa wastani wa B. Mwezi huu wa Agosti nimechaguliwa kusoma shahada ya ualimu, miaka mitatu, muda wote, katika chuo cha umma kilichopo Dodoma. Nilifurahi hadi nikalia, halafu hofu ikaingia. Mwalimu mkuu wangu ananiambia niende tu, ruhusa nitafuatilia nikiwa huko. Shemeji yangu anasema nijaze mkopo wa Bodi. Mume wangu hapingi, ila kila siku ananiuliza kwa nini nisisome Chuo Kikuu Huria nikiwa nyumbani. Tuna watoto watatu, wa mwisho ana miaka minne. Na mimi mwenyewe naona aibu, maana nitakaa darasa moja na watoto wa rika la kifungua mimba wangu. Nifanyeje? Mwalimu M."

Mwalimu M., hongera sana. Aibu umeiweka mwisho wa barua yako, na hapo ndipo mahali pake. Kinachoweza kukuharibia maisha ni ushauri wa mwalimu mkuu, ambao bila shaka ameutoa kwa nia njema.

Usikanyage chuo bila barua ya ruhusa mkononi. Mwalimu mkuu anaweza kukuruhusu kwenda kliniki. Hana mamlaka ya kukuruhusu kwenda kusoma miaka mitatu. Mwajiri wako ni Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri. Kwa kanuni za utumishi wa umma, kutokuwepo kazini zaidi ya siku 5 bila ruhusa wala sababu ya msingi ni kosa ambalo adhabu yake inaweza kufika kufukuzwa. Udahili wa chuo peke yake hauhesabiki kuwa sababu ya msingi. Ubaya wa kosa hili ni kwamba haliumi mapema. Mshahara wa Novemba unaingia, wa Desemba unaingia, unaona mambo shwari. Kisha unakuja uhakiki wa watumishi, jina linaonekana halipo kituoni, mshahara unasimama, unadaiwa kurejesha uliyokwishapokea, na shauri linapelekwa Tume ya Utumishi wa Walimu. Hapo wewe uko katikati ya mitihani ya Februari, kodi ya chumba inadaiwa, na barua ya kujieleza inakusubiri nyumbani.

Kwa hiyo andika barua wiki hii. Iende kwa Mkurugenzi, ipitie kwa mwalimu mkuu, afisa elimu kata na afisa elimu wa halmashauri upande wa msingi. Kila anayeipitisha aandike maoni yake na kugonga muhuri. Barua nyingi hulala miezi kwa kukosa muhuri mmoja tu wa katikati. Ambatisha barua ya udahili, barua ya ajira, barua ya kuthibitishwa kazini na mchanganuo wa ada wa chuo. Taja jina kamili la programu kama lilivyo kwenye barua ya udahili, usiandike "shahada ya ualimu" kwa ujumla. Hili linaonekana dogo mpaka siku unarudi. Mwalimu anayeruhusiwa kusomea programu moja akarudi na cheti cha nyingine hupata shida kubwa wakati wa kubadilishiwa muundo, yaani kuhamishiwa ngazi ya mshahara ya elimu yake mpya, kwa sababu faili lake linasema kitu kingine. Ukifika chuoni ukataka kuhama programu, omba kibali kipya kwanza.

Barua ya majibu ikitoka, isome kwa utulivu. Angalia mambo matatu: kama ruhusa ni ya mwaka mmoja au ya kozi nzima, kama ni yenye mshahara au ni likizo bila malipo, na kama kuna mkataba wa kuitumikia halmashauri baada ya masomo. Kama ni ya mwaka mmoja mmoja, weka tarehe ya kuomba upya kwenye kalenda. Kama ni bila malipo, kumbuka michango yako ya PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, nayo inasimama. Kwa miaka 19 umeshavuka ile miezi 180 ya kustahili pensheni, lakini miezi isiyochangiwa haiingii kwenye hesabu ya kiinua mgongo.

Kuna uwezekano wa kukataliwa mwaka huu, na sababu itakuwa kwamba haumo kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai na bajeti yake huandaliwa miezi mingi kabla. Anayepeleka ombi Agosti amechelewa, hata kama hana kosa lingine lolote. Ikiwa usajili wa chuo utafungwa kabla ya barua yako kutoka, acha nafasi hiyo ipite. Ndiyo, inauma. Lakini stashahada yako haiozi. Omba uingizwe kwenye mpango kabla ya Desemba, kisha Julai omba chuo upya.

Kuhusu Bodi ya Mikopo, jibu ni fupi: hustahili. Masharti yake yanataka mwombaji asiwe na umri unaozidi miaka 35 na asiwe na ajira ya kumpa kipato. Shemeji asikushawishi kuficha ajira. Namba yako ya NIDA ndiyo hiyo hiyo iliyoko kwenye mshahara.

Basi tuhesabu fedha. Hizi ni namba za mfano, weka bei za chuo chako mahali pake. Ada shilingi 1,200,000. Michango midogo, ikiwemo ile 20,000 ya TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), tuseme 60,000. Chumba cha 80,000 kwa miezi 10 ni 800,000. Chakula cha 6,000 kwa siku, kwa wiki 34 za mihula miwili, ni 1,428,000. Vitini na kuchapa kazi 150,000. Kwenda na kurudi nyumbani mara moja kwa mwezi kwa 40,000 ni 400,000. Jumla ni 4,038,000 kwa mwaka, na mwaka wa kwanza ongeza kompyuta mpakato iliyotumika, kama 450,000, inakuwa 4,488,000. Bima usilipe mara mbili: chuo kitakudai ya wanafunzi, wewe onyesha kadi yako ya NHIF ya utumishi.

Sasa toa karatasi yako ya mshahara uangalie kinachobaki baada ya makato, si mshahara wa juu. Sheria inataka makato yasikuache na chini ya theluthi moja ya mshahara wa msingi, na walimu wengi wameshafika kwenye ukingo huo kwa mikopo ya benki. Kama ni wewe, shahada hii haitalipika kwa mshahara huo. Hapo ndipo watu hukimbilia kausha damu, mikopo ya mtaani yenye riba kubwa, na wengi wa wanaoacha chuo mwaka wa pili wanasimamishwa na deni, masomo walikuwa wanayaweza. Afadhali usubiri mwaka mmoja, umalize mkopo ulionao na kuweka akiba SACCOS ya ada ya mwaka wa kwanza yote. Usichukue mkopo wa miaka saba kusomea shahada ya miaka mitatu.

Na usiuze shamba kwa matumaini ya mshahara mpya. Katika ngazi za mshahara wa walimu serikalini, mwalimu wa stashahada huanzia TGTS C na wa shahada TGTS D, hiyo ni kweli, lakini kubadilishiwa muundo hutegemea ikama (idadi ya watumishi iliyoidhinishwa) na bajeti. Hakuji siku ya mahafali. Tena wewe kwa miaka 19 huenda umeshapanda madaraja. Muulize afisa utumishi, kwa maandishi, ukirudi na shahada utawekwa ngazi ipi. Ukimaliza ukiwa na miaka 46 utakuwa na miaka 14 hadi kustaafu kwa lazima ukiwa na 60. Muda wa kutosha kuirudisha gharama upo.

Mumeo naye ana hoja, usimwone kikwazo. Shahada ya Chuo Kikuu Huria ni shahada kamili, na ruhusa ikikataliwa kabisa hiyo ndiyo njia yako. Lakini mpe hesabu hii. Shahada ya miaka mitatu ina angalau krediti 360, na kila krediti ni saa 10 za kazi: mihadhara, kusoma mwenyewe, kazi za nyumbani, mitihani. Jumla saa 3,600. Ukiwa unafundisha, unapika na kusahihisha madaftari, ukijitahidi sana utapata saa 12 kwa wiki. Kwa wiki 40 za mwaka ni saa 480. Gawanya: miaka saba na nusu. Ukipata ruhusa yenye mshahara, kwenda muda wote ni bora, na tunasema hivyo bila kusitasita. Ukipata isiyo na malipo, tungechagua Huria.

Krediti hizo hizo ndizo zinaonyesha wiki yako itakavyokuwa. Krediti 60 kwa muhula ni saa 600. Ukizigawa kwa wiki 15 za masomo ni saa 40 kwa wiki. Ni kazi kamili. Ratiba ya mihadhara itakudanganya, kwa sababu itaonyesha saa 16 au 18 tu, na Jumatano nzima iko wazi. Hiyo Jumatano siyo ya kwenda Morogoro. Anayeitumia kusafiri huanza kulipa kwenye wiki ya nane, majaribio na kazi za vikundi zinapogongana. Vyuo vingi hugawa alama 40 za kozi weki (majaribio na kazi za muhula) na 60 za mtihani wa mwisho. Ukikosa kiwango cha chini cha kozi weki, mtihani wenyewe huufanyi. Na ukipata sup (mtihani wa marudio), hata ukiandika vizuri kiasi gani, kwa kawaida alama haivuki C.

Kitakachokutesa zaidi hukukitaja: Kiingereza. Umefundisha kwa Kiswahili miaka 19, na mihadhara, vitabu na mitihani vyote ni kwa Kiingereza. Akili ipo, kasi ndiyo iliyoshuka. Kuanzia sasa hadi chuo kifunguliwe soma kurasa 10 za kitabu cha saikolojia ya elimu kila siku, funga kitabu, andika aya moja kwa mkono bila kunakili. Wiki mbili za kwanza utachukua saa mbili kwa kurasa hizo, usihesabu, endelea. Jifunze pia kuchapa kwa vidole zaidi ya viwili na kuandika marejeo kwa mtindo wa APA, kwa sababu programu za kukagua wizi wa maandishi hazijali kwamba ulisahau tu kutaja chanzo. Upande wa mbinu za kufundisha utakuwa mbele ya darasa zima. Ila mtihani unataka nadharia kwa majina yake; "uzoefu unaonyesha" haina alama.

Haya, hao vijana. Watakuita mama au madam siku ya kwanza, na baada ya wiki mbili watakuwa wamezoea. Hatari iko kwingine: kwenye kikundi utageuzwa mlezi, wewe ndiye wa kuchapisha, wa kulipia, wa kukumbusha, na mwisho wa kuandika kazi yote usiku. Katika kikao cha kwanza gaweni sehemu kwa majina na tarehe, ziandikwe kwenye WhatsApp. Usikose kundi la WhatsApp la darasa, mabadiliko ya chumba na tarehe za majaribio hutangazwa humo. Malazi tafuta chumba chako nje. Bweni la wasichana wa miaka 20 halilali.

Nyumbani, kaa na baba watoto mkiwa na karatasi tatu mezani: bajeti, ratiba ya muhula, na orodha ya nani anafanya nini. "Utanisaidia na watoto" si mpango. Nani anampeleka mdogo kliniki? Nani anakwenda kikao cha wazazi? Dada wa kazi analipwa kutoka mfuko upi? Januari iangalieni kwa jicho la pekee: shule zinafunguliwa, sare na madaftari vinadaiwa, na wewe unajiandaa na mitihani. Fedha ya Januari iwekwe pembeni kuanzia Septemba. Kwa mdogo wa miaka minne, simu fupi kila jioni saa ile ile inamtuliza kuliko ziara za kushtukiza. Mazoezi ya kufundisha yakifika, omba kupangwa shule ya karibu na nyumbani. Hizo ni wiki kadhaa utakula na wanao.

Tunarudi kwenye barua. Tengeneza nakala mbili. Moja iache masijala ya halmashauri, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo nyumbani. Baada ya siku 14 bila jibu, nenda nayo mwenyewe kwa afisa utumishi, asubuhi, na uulize namba ya faili.