Ukitoka nyumbani asubuhi, lipe jicho kazi

Watu wengi hapa Mwanza wanasubiri likizo ndo waanze kuona vitu, nikipata hela nitaenda Serengeti, nikipata nafasi ntavuka kisiwani Saanane, na huku kila siku mtu anapita Makoroboi macho yako kwenye simu, jioni ukimuuliza leo umeona nini njiani anakwambia hamna kitu, foleni tu. Mi naamini hilo linarekebishika bila hata mia, na ndo namna ninavyoishi siku hizi kwahiyo naomba unisikilize.

Sio kwamba njia imeishiwa vitu. Kichwa kikishazoea mahali hakisumbuki tena kupaangalia, kinajua tuta liko wapi na kona iko wapi, basi kinajiendea chenyewe. Ndo maana ukijiambia "leo ntakuwa makini" haifiki mbali, hujamaliza hata mtaa umesharudi kwenye madeni yako. Kinachosaidia ni kulipatia jicho kazi moja ndogo kabla hujatoka mlangoni, kazi ya kitoto kabisa, halafu uicheze kwa moyo wote.

Mfano daladala. Ukitokea Buhongwa kuja mjini tafuta siti ya dirishani kushoto, maana ukishafika maeneo ya Mkuyuni na Igogo ziwa linachungulia upande huo. Kazi yako: leo ziwa lina rangi gani? Na usiniambie bluu. Kuna asubuhi ni kijivu cha bati kuukuu, kuna siku upepo umetulia mwani umejaa maji yote ya kijani, sa ingine rangi mbili zimegawana kabisa unaona mpaka mstari. Ukiichoka hiyo funga macho kidogo ukisie umefika kituo gani kwa sauti na harufu tu.

Ila ninayoipenda kuliko zote ni ya usiku. Panda sehemu iliyoinuka, hata jiwe la nyuma ya nyumba linatosha, uangalie taa za wavuvi wa dagaa kule ziwani. Dagaa wanavuliwa kwa taa kwa sababu wanaufuata mwanga, sasa mwezi ukiwa mkubwa mwanga umetapakaa kila mahali, taa inakosa nguvu ya kuwavuta na wavuvi wengi wanapumzika. Maana yake ukiwa na jicho unaweza kusoma mwezi bila kuangalia juu kabisa: giza likiwa nene ziwa linawaka kama kuna mji mwingine upande wa pili, mbalamwezi ikija taa zinapungua. Hata sokoni unaisoma. Siku moja pale Mwaloni Kirumba nilimsalimia mama mmoja kwa Kisukuma, mwangaluka, nikamuuliza mbona fungu la dagaa limekuwa dogo hivi, akaniambia "mwanangu, we mwezi huuoni?" Tangu hapo kila nikinunua dagaa nakisia kwanza mwezi umefikia wapi, halafu usiku natoka nje kuhakikisha.

Kuna Mfaransa anaitwa Joël Henry, wa Strasbourg, mwaka 1990 alianzisha Latourex, kikundi cha utalii wa majaribio, watu wanatembea kwa kufuata sheria za mchezo tu. Moja inasema kona ya kwanza pinda kulia, inayofuata kushoto, tena kulia, hivyo hivyo mpaka njia igome. Nimeifanya Mabatini kule mlimani na nakuhakikishia huku kwetu ni tamu zaidi, manake njia zenyewe zinafuata mawe, unapinda kushoto unajikuta uani kwa mtu, inabidi hodi, shikamoo bibi, unaulizwa unamtafuta nani, ukieleza wanacheka, wanakuonyesha upenyo ambao usingeujua maisha yako yote. Iwe mchana tu, salimia kabla ya kuuliza, na usiwapige watu picha kwenye nyumba zao.

Ukiwa na mtoto muachie yeye atunge kazi. Wangu aliniuliza lile jiwe lililokaa juu ya jingine kwa nini halianguki, ikabidi nikatafute jibu. Kumbe mawe yetu ni graniti ya zaidi ya miaka bilioni 2.5, na hakuna aliyeyapanga, yalikuwa ardhini, maji yakapenya kwenye nyufa yakalainisha pembeni, baadae udongo ukasombwa vikabaki viini vigumu vimekaa kimoja juu ya kingine. Na juu ya mawe hayo hayo kuna wale mijusi, dume ana kichwa cha pinki na mwili wa bluu anapiga pushapu juani, kisayansi anaitwa Agama mwanzae, jina la mji wetu hilo! Majike ni ya kahawia tu. Sasa njia ya shule ni mashindano ya nani ataona dume kwanza na hakuna tena kuburuzana asubuhi.

Sheria iwe moja kwa siku. Ukiona unaicheza huku unawaza kitu kingine ujue imeshakufa, itupe utunge nyingine. Kama unakaa Kirumba au Pasiansi anza na upepo: alfajiri huwa unatoka nchi kavu kwenda ziwani, jua likishapanda unageuka unatoka ziwani, kazi yako ni kuinasa ile saa unapogeuka, angalia moshi wa jiko la mama ntilie au bendera ya shule.