Upasuaji wa pili si marudio ya ule wa kwanza

Swali lenu la wiki hii: saratani imerudi na mgonjwa amepangiwa upasuaji tena, familia ianzie wapi? Hapa Kisumu wengi huanza na harambee. Pesa zitahitajika, lakini naomba muanze na bahasha ya makaratasi.

Daktari wa mara ya pili anaingia mahali palipokwisha kukatwa. Kama ni tumboni, makovu ya ndani huwa yamegandisha matumbo, hivyo kazi huchukua muda zaidi na damu huweza kumwagika zaidi. Lazima ajue mwenzake alikata nini na kushona wapi. Tafuteni ripoti ya upasuaji wa kwanza (karatasi ya kuruhusiwa kwenda nyumbani haitoshi), majibu ya kipimo cha nyama, na picha za CT zenyewe kwenye sidii. Ulizeni pia maabara kama bado inahifadhi kile kipande cha nyama kilichowekwa kwenye nta. Kikilinganishwa na cha sasa, husaidia kujua kama ni saratani ileile au ni nyingine, na matibabu hufuata jibu hilo.

Halafu damu. Mchangiaji awe na umri wa miaka 16 hadi 65 na uzani usiopungua kilo 50. Si lazima kundi lake lifanane na la mgonjwa, maana damu yake inaingia benki ya damu, na mgonjwa hupewa inayomfaa. Inasikitisha kuona ndugu akiachwa nyumbani kwa sababu ya kundi tu. Mkiombwa watu wanne, nendeni wanane. Baadhi watakataliwa kwa upungufu wa damu au malaria ya juzi. Mgonjwa akiwa aliwahi kuongezewa damu, semeni mapema: mwili huenda umejenga kinga dhidi ya damu za wengine, na kupata inayolingana kukachelewa.

Kwa SHA, bima ya afya ya serikali, hakikisheni michango imelipwa na idhini imetoka kabla ya siku yenyewe. Kiwango cha pesa za matibabu ya saratani huhesabiwa kwa kaya nzima kwa mwaka, kwa hiyo ulizeni kemo (dawa za kuua saratani) imebakisha kiasi gani.

Dawa zote zitajwe, hata manyasi, yaani mitishamba, yanayochemshwa jikoni. Baadhi ya mitishamba huzuia damu kuganda, sawa na aspirini. Vidonge vya kuzuia damu kuganda msivisimamishe wenyewe. Daktari ndiye atakayetaja siku.

Usiku wa kuamkia upasuaji anayeharibu mambo mara nyingi ni mwenye huruma, yule anayempenyezea mgonjwa kikombe cha chai alfajiri. Kwa kawaida chakula hukoma muda wa saa sita kabla ya nusukaputi, maji matupu muda wa saa mbili kabla, ila fuateni maagizo ya wadi. Chai ya maziwa na uji ni chakula. Strungi bila maziwa huhesabiwa pamoja na maji. Kilichomo tumboni kinaweza kupanda na kuingia mapafuni mgonjwa akiwa amelala, ndiyo maana thieta humrudisha aliyekunywa, na nafasi nyingine huenda ikapatikana wiki ijayo.

Kabla ya kutia sahihi, ulizeni waziwazi: lengo ni kuondoa saratani yote, au ni kuzibua kilichoziba na kupunguza maumivu? Je, atatoka na mfuko wa choo tumboni? Mgonjwa mwenyewe awepo mkiuliza. Aseme nani atamwamulia akiwa hajitambui, na jina hilo liandikwe kwenye faili.