Elki wakinyamaza saa nne asubuhi, usirudi hemani

Mkuu, umeuliza kama kuna faida ya kubaki mlimani baada ya saa nne asubuhi, maana madume wa elki, wale kulungu wakubwa wa Amerika Kaskazini, waliokuwa wakilia alfajiri wote wamenyamaza na wenzako wanarudi kambini kulala. Mimi nawinda kwa upinde huku Colorado, Marekani, Septemba, elki wanapopandana. Waache walale, wewe baki.

Kwanza upepo. Alfajiri hewa ya baridi inateremka bondeni. Jua likipasha mteremko inageuka, inaanza kupanda, na katikati hapo inazungukazunguka hovyo. Ndipo wawindaji wengi wanaponuswa. Kufikia saa tano hivi mara nyingi imeshatulia na inapanda moja kwa moja. Tembea na kichupa cha unga, puliza kidogo kila baada ya hatua kadhaa uone hewa inakoelekea. Ila tazama juu: mawingu ya radi ya alasiri yakifunika jua, hewa inaweza kushuka tena ghafla. Ikianza kuyumba, mimi narudi nyuma nangoja. Dume akikuona anaweza kusimama akushangae. Akikunusa, ameondoka na kundi zima.

Pili, mchana unajua walipo. Tafuta mteremko unaotazama kaskazini, msitu mnene wa misonobari, hasa pale mlima unapotulia kidogo na kufanya kibaraza karibu na juu. Hayo ndiyo malalo yao. Kwa kuwa hewa inapanda, usiwaendee kutoka chini. Zunguka uje kwa ubavuni au kwa juu. Mara nyingi utaanza kunusa mkojo wa dume kabla hujaona hata sikio. Na hawalali mfululizo, ni wanyama wa kucheua. Kivuli kikihama wanainuka, wanajinyoosha, wanakojoa, wanakula kidogo. Hapo dume huenda akalia mara moja, kivivu, na mlio huo mmoja unakutosha kujua pa kwenda.

Sasa kuita. Usimjibu ukiwa mbali! Dume mwenye majike akisikia mpinzani ng'ambo ya bonde hana sababu ya kuja, atawakusanya wake zake na kuwahamisha. Nyamaza, nyatia mpaka ubakize mita mia au chini ya hapo, ndipo uanze. Anza na sauti ya jike, laini, mara mbili tatu. Kimya? Vunja kijiti, kwaruza gome la mti kwa tawi kavu kama dume anayesugua pembe. Baragumu la kumchokoza, yaani kuiga mlio wa dume mpinzani, liwe la mwisho, na liwe fupi. Watu wanapuliza filimbi kama wako harusini, halafu wanashangaa msitu umehama.

Mkiwa wawili, anayeita akae mita thelathini au arobaini nyuma ya mwenye upinde, kwa sababu dume anamtafuta mwenye sauti na hupenda kuzunguka upande wa chini ya upepo. Chagueni mahali ambapo hawezi kuwaona mpaka afike umbali wa kupigwa mshale, mfano nyuma ya kiinuko kidogo. Akifika pa wazi, akatazama na asimwone jike anayemwita, anasimama hapohapo, haji tena.

Usipojibiwa, usiinuke. Madume wadogo wasio na majike huja kimyakimya, hasa mchana. Ukishaita, kaa nusu saa au zaidi, mshale ukiwa kwenye uzi. Siku za joto mwanzoni mwa Septemba nakaa karibu na madimbwi ya matope wanamogaagaa, wala siiti sana.

Jambo ambalo hukuuliza: nyama. Mnyama akianguka saa saba mchana, joto ndilo adui. Chuna haraka, tenga mapaja, fungua nyama mpaka mfupani kwenye nyonga maana huko ndiko huanza kuharibika, tundika kivulini penye upepo. Dume mzima akiwa hai huweza kupita kilo mia tatu, na nyama yake yote inatoka mgongoni mwenu. Kama mko wawili na gari liko mbali, dume aliye ng'ambo ya korongo muacheni, hata akiwajibu vizuri namna gani.