Niacheni Kidogo: Maswali Yenu Kuhusu Sanaa na Faragha

Naandika hadithi. Tunaishi chumba na sebule, mimi, mume na watoto wawili. Nikijifungia chumbani wanadhani nimenuna. (Mwanza)

Dada, hujanuna, uko kazini, ila hujawaambia. Taja saa ya kuingia na ya kutoka. Mume akijua utatoka saa tatu, hatagonga mlango saa mbili na nusu (watoto watagonga tu, hao hawana dawa). Maya Angelou, mwandishi wa Marekani, alikuwa akipanga chumba cha hoteli katika mji uleule alioishi, na picha za ukutani akaomba ziondolewe. Sisi hoteli tutaitoa wapi? Bora mwenzake wa riwaya, Toni Morrison: alikuwa mhariri New York, akilea wana wawili peke yake, akaandika alfajiri kabla hawajaamka. Lakini ukiamka saa kumi, lazima ulale mapema, kwa hiyo vyombo vya jioni avioshe mwingine.

Mwalimu wetu husema jela ndiyo iliyomfanya Abdilatif Abdalla awe mshairi. Kwa hiyo upweke ni neema? (Mombasa)

Hata kidogo. Alifungwa kuanzia 1969 hadi 1972 kwa ajili ya waraka uliouliza Kenya inakwenda wapi. Mashairi ya humo aliyaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni. Ushairi, hata hivyo, aliingia nao: alikulia kati ya washairi, na mshairi Ahmad Nassir ni kaka yake. Faragha mtu huiingia kwa hiari yake na kuitoka anapotaka. Ile ilikuwa adhabu, na diwani yenyewe aliiita *Sauti ya Dhiki*. Mwalimu wako ameisoma?

Mimi mchoraji. Peke yangu nakwama, nikiwa na wenzangu mkono unakwenda. Nina kasoro?

Huna. Edward Saidi Tingatinga alichorea nje, Oysterbay, Dar es Salaam, mwishoni mwa miaka ya 1960, na jamaa zake wakajifunza kwa kukaa naye. Alipofariki mwaka 1972 waliendelea, na hadi leo wachoraji wa mtindo ule hukaa bega kwa bega, soga zikiendelea. Anayehitaji kimya zaidi, kwa maoni yangu, ni mwandishi, maana maneno ya jirani hujipenyeza kwenye sentensi yake.

Nimepanga chumba kijijini ili nimalize riwaya. Sijaandika hata ukurasa, nashinda kwenye simu.

Basi bado hujawa peke yako. Simu mwachie mwenye duka hadi adhuhuri.