Baby Peggy aliishia wapi?

SWALI: Mhariri, katika makala yenu ya filamu bubu mlimtaja Baby Peggy kwa mstari mmoja tu. Alikuwa nani, na mali yake ilikwenda wapi?

JIBU: Huyu mtoto ananiuma moyo. Peggy-Jean Montgomery, mzaliwa wa San Diego, Marekani, 1918, alianza kuigiza kabla ya kutimiza miaka miwili. Akacheza filamu fupi zipatazo 150. Safari moja chumba cha kuigizia kilishika moto yeye yumo ndani; akajiokoa kwa kupanda dirishani. Mtoto mdogo vile! Mwaka 1925 baba yake aligombana na mtayarishaji kuhusu malipo, kazi ikakatika. Fedha wazazi walishazitapanya. Ukubwani alijiita Diana Serra Cary, akaandika vitabu kuwatetea watoto waigizaji. Alifariki 2020, akiwa na miaka 101.