Usiuze shamba kwa ajili ya ada

Shikamoo mama. Umeuliza kama uliuze shamba lako la parachichi kule Rungwe ili binti aanze chuo kikuu Mbeya. Nakusihi usiliuze, kwa kuwa miti hiyo ndiyo itakayomlipia pango na chakula katika miaka inayofuata. Kwanza aombe mkopo wa HESLB (bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu), na cheti chake cha kuzaliwa kihakikiwe RITA (wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo) mapema, kabla dirisha la maombi halijafunguliwa. Kama kaya yenu inahudumiwa na TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, asiache kulionyesha hilo kwenye fomu. Ada itakayobaki, mwombeni mhasibu wa chuo mlipe kwa awamu, ile kubwa ikiangukia baada ya mavuno. Mkopo atarejesha mwenyewe akishaajiriwa, kwa makato ya asilimia 15 ya mshahara wa msingi.