Popo wa Batman ni wa khofu tu

Wauliza kama Batman, yule shujaa wa komiki, kaumwa na popo ndo akapata nguvu zake? Hapana yakhe, Batman hakuumwa na popo wala hana nguvu zozote za popo, wa kuumwa ni Spider-Man, na yule kaumwa na buibui. Popo kwake ni alama ya khofu basi. Mie nimeisoma ile komiki yenyewe, Detective Comics namba 33 ya Novemba 1939, Bruce Wayne, ndo Batman mwenyewe kabla hajavaa joho, kakaa usiku anawaza avae nini ili wahalifu waingiwe na woga, maana anasema ni watu wa kuamini mikosi, mara popo huyo kaingia dirishani, na yeye kaichukua kama ishara. Ile habari ya kuogopa popo tangu utotoni imeongezwa baadae na waandishi wengine, kwa hiyo ukiiona kwenye filamu si uongo ila haimo mwanzo.

Na sie watu wa Pemba hilo tulielewe upesi, 1995 watu walilala nje kwenye mikeka kwa sababu ya popobawa, yule jini wa kuvamia watu usiku majumbani, na nani alimuona sawasawa? Kivuli cha bawa tu kilitosha. Batman na lile joho lake anacheza mchezo huo huo.